Shamba la Mungu, Bustani ya Mungu

Jumamosi ya kuamkia Pasaka hakuna anayekaa bure kijijini kwetu Lupepo, huku Rungwe, mkoani Mbeya. Tangu asubuhi utawaona akina mama wakipita katika njia za utelezi, jembe begani na ndoo kichwani, na ndani ya ndoo maji kidogo na maua mengi. Masika huwa yamepamba moto. Tukuyu na vijiji vyake hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Aprili ndio mwezi wa kuijua mvua hiyo vizuri, kwa hiyo maua hukatwa yakiwa bado yanadondosha maji. Yapo mawaridi ya uani, yapo mekundu na ya njano yaliyojiotea pembeni mwa migomba, na yapo yale meupe yaliyojikunja kama mdomo wa tarumbeta, yanayopenda kukaa kwenye mifereji.

Wanakwenda makaburini. Wanapalilia, wanazoa majani makavu, wanajaza udongo pale ulipobonyea, kisha kila kaburi linapewa maua yake: la mzee aliyekufa ameshiba miaka, na la mtoto mchanga ambaye jina lake amebaki nalo mama yake tu. Kesho yake, kabla jua halijachomoza juu ya milima ya Livingstone, waumini wa Kanisa la Moravian hukusanyika hapohapo kwenye giza na umande. Tarumbeta hulia. Watu huimba ufufuo wakiwa wamesimama katikati ya wafu wao, na kunapopambazuka, kitu cha kwanza jicho linachokiona ni rangi za maua.

Mara ya kwanza nilipopewa ndoo niibebe nilikuwa sijaanza shule. Kaburi tulilokwenda lilikuwa la mtu ambaye sikumjua. Nikauliza, "Bibi, yeye atayaona haya maua?" Bibi aliendelea kung'oa magugu. "Tutayaona sisi," akasema.

Nimeishi na jibu hilo miaka mingi, na limenifanya nitake kujua desturi hii ilifikaje kwetu, na kwa nini ilishika. Maana wazee wetu, Wanyakyusa, walizika kwa namna nyingine kabisa.

Tunaijua namna hiyo kwa simulizi za nyumbani, na pia kwa kazi ya mtu na mkewe, Godfrey na Monica Wilson, waliokaa Unyakyusa katika miaka ya 1934 hadi 1938 wakijifunza lugha na mila. Godfrey aliandika kwa kirefu juu ya maziko mwaka 1939. Marehemu alizikwa nyumbani kwake. Wanawake walilia kwa sauti, mwili mzima ukilia. Ng'ombe walichinjwa. Wanaume walicheza na mikuki, vumbi likatimka, ngoma ikashindana na vilio. Kinachonigusa zaidi katika maelezo yake ni jinsi msiba ulivyogeuka sura kadiri saa zilivyokwenda. Waliofika wakiwa na uchungu wa kifo waliishia kucheza kwa furaha, vijana wakatazamana, vicheko vikasikika, na hakuna aliyewaambia wamekosa adabu. Huzuni ilikuwa na njia yake ya kutokea, na njia hiyo ilipita katika miguu.

Faraja basi ilikuja kwa ngoma, kwa ng'ombe na kwa wingi wa watu. Mimea nayo ilikuwa na nafasi yake, hasa kwa watawala. Mahali walipozikwa wakuu wa kale paliachwa pawe msitu mtakatifu, shoka lisiingie, na msitu wa Lubaga, mahali pa mkuu aliyeitwa Lwembe, ulijulikana nchi nzima. Mtu wa Rungwe alijua tangu zamani kwamba aliyezikwa anaweza kutunzwa kwa kitu kinachoota. Tofauti ni kwamba msitu ulikuwa wa mkuu, na mkulima wa kawaida alikuwa na migomba yake tu juu yake.

Watu waliokuja na desturi ya maua walikuwa wenyewe wana wa wakimbizi. Mwaka 1722, waumini waliokuwa wakiteswa kwa sababu ya imani yao huko Moravia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Czech, walivuka mpaka na kupewa hifadhi katika ardhi ya Mjerumani mmoja, kabaila Zinzendorf. Wakajenga kijiji, wakakiita Herrnhut. Kuna jambo moja walilolifanya pale ambalo hadi leo naliona kubwa. Makaburi yao waliyaita kwa Kijerumani Gottesacker, maana yake Shamba la Mungu. Mawe ya makaburi yalikuwa ya kulala chini na yaliyolingana, tajiri hakuinuliwa juu ya maskini. Na alfajiri ya Pasaka ya mwaka 1732 vijana wa kijiji hicho walipanda kwenye makaburi kuimba, na tangu mwaka huo Wamoravian hawajaacha. Kokote walikokwenda, Karibiani, Greenland, Amerika Kaskazini, Afrika ya Kusini, walikwenda na alfajiri yao.

Neno shamba ndilo linalonishika. Mkimbizi aliyenyang'anywa shamba lake hapa duniani analiita kaburi shamba. Mkulima wa Rungwe angelielewa jambo hilo bila kufafanuliwa.

Wamisionari wanne wa Moravian walifika kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1891: Theodor Meyer, Theophil Richard, Johannes Häfner na Georg Martin. Walikuja kwa njia ya maji, kutoka pwani ya Msumbiji kupanda mto Shire hadi ziwani, kisha wakakwea kutoka joto la Kyela kuelekea kwenye baridi ya mlima. Martin alikufa mwaka huohuo, kazi haijaanza vizuri. Waliobaki walijenga kituo chini ya Mlima Rungwe. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo wageni hawa walishirikiana na wenyeji wao, kabla ya somo au ubatizo, lilikuwa kufiwa.

Mafundisho yalipoanza kushika, Wakristo wapya walitakiwa kukaa mbali na ngoma ya msiba. Wamisionari waliiona ni ya kipagani, na sidhani waliielewa. Walipoiondoa walimwachia mfiwa nyimbo za kitabu na ukimya mrefu. Lakini huwezi kumwambia mtu aliyefiwa akae ameweka mikono mapajani. Mikono inataka kazi. Mimi naamini kwamba hapo ndipo ndoo za maua zilipopata mlango wa kuingilia. Kupalilia kaburi, kuchota maji, kukata, kupanga, kurudi nyuma hatua mbili kutazama kama pamependeza: hiyo ni kazi, na mwili uliokatazwa kucheza unaweza kuifanya.

Kabla ya kuendelea na makaburi, sina budi kumtaja mtu mmoja aliyeyatazama maua ya nchi yetu kuliko mwingine yeyote wa zama zake.

Jina lake Adolf Stolz, aliyezaliwa mwaka 1871. Alikuja na umisheni wa Moravian, na makao yake yalikuwa Kyimbila, karibu kabisa na mji ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg na ambao sisi tunauita Tukuyu. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 alizunguka mabonde na miteremko ya Rungwe akikusanya mimea. Namba alizoandika kwenye sampuli zake zinapita 2,000. Anayeijua hali ya hewa ya kwetu ataona uzito wa kazi hiyo. Ua hulazwa katikati ya karatasi, likakandamizwa, na karatasi zinyonye maji yake. Lakini Rungwe karatasi yenyewe inanyonya unyevu kutoka hewani. Inabidi zibadilishwe mara kwa mara, zikaushwe motoni, la sivyo ukungu unatangulia. Kisha inaandikwa namba, mahali, mwinuko na tarehe, na mzigo unaanza safari ya kushuka ziwani, kupita mito na bahari, hadi Berlin.

Huko Berlin alikuwapo Rudolf Schlechter, bingwa wa okidi. Mwaka 1915, dunia ikiwa vitani, Schlechter alichapisha kazi nzima juu ya okidi za Stolz. Jenasi moja ya okidi ndogondogo, inayotambaa kwenye magome yenye kuvumwani, maua yake madogo kiasi kwamba lazima usogeze uso, aliipa jina la Stolzia. Ndiyo jina lake hadi leo, na mimea mingine mingi imebeba neno stolzii nyuma ya jina la kwanza.

Siwezi kumpa mtu heshima hiyo bila kuwakumbuka wengine. Mgeni hajui okidi ya tawi la tatu imechanua lini wala bonde lipi lina njia. Kulikuwa na miguu mingine mbele yake, na mikono iliyopanda miti. Majina yao hayamo katika Kilatini. Jambo kama hilo lilirudi karne moja baadaye mlimani hapohapo, pale nyani aitwaye kipunji alipotangazwa duniani mwaka 2005 kuwa amegunduliwa. Wawindaji wa Rungwe walikuwa wakimtaja siku zote.

Vita hivyo vya kwanza vya dunia vilipofika kwetu vilifika kama vita vya watu wengine. Septemba 1914 Wajerumani walishuka na kuishambulia Karonga, upande wa Waingereza, wakarudishwa. Mwisho wa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalivuka kutoka kusini na kuiteka Neu Langenburg. Bendera ilibadilishwa, lakini kilichowaumiza wananchi kilikuwa kingine. Wanaume walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, mahindi na maharage vikachukuliwa, ng'ombe wakachukuliwa. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa katika vita hivyo vya Afrika Mashariki huhesabiwa kuwa zaidi ya 90,000, na wengi wao waliuawa na kuhara, homa na njaa. Walizikwa kando ya njia au hawakuzikwa. Mama wa mpagazi hakuwa na pa kuweka ua wala pa kuchezea ngoma. Kwa mila yetu ile ya kumzika mtu nyumbani kwake, kati ya watu wake, sijui kama kuna adhabu iliyozidi hiyo.

Stolz alifariki mwaka 1917, vita vikiwa havijaisha.

Halafu, mwishoni mwa 1918, ikaja homa ya mafua makali iliyozunguka dunia. Wanahistoria wanakadiria kwamba katika Tanganyika iliua watu kati ya 50,000 na 80,000 ndani ya miezi michache. Iliwakuta watu waliodhoofishwa na vita, ghala tupu, vijana hawajarudi. Ngoma ya msiba inahitaji watu wazima wenye nguvu, ng'ombe wa kuchinja, na siku za kukaa. Ugonjwa unapoingia kila nyumba, vyote vitatu vinakosekana.

Wakati huo wamisionari Wajerumani walikuwa wamekamatwa na kuondolewa. Makanisa yalibaki mikononi mwa walimu na wazee wa kanisa wa hapahapa, huku Waskoti wa umisheni wa Livingstonia, kutoka ng'ambo ya mto Songwe, wakija kusaidia. Wamoravian wa Ulaya walirejea katikati ya miaka ya 1920. Kwa karibu miaka kumi basi hakukuwa na Mjerumani wa kumwamsha mtu alfajiri ya Pasaka. Waliporudi walilikuta kanisa liko hai, na nyimbo zinaimbwa. Kwa mawazo yangu, alfajiri ile ya makaburini iliacha kuwa ya Herrnhut katika miaka hiyo. Kitu ulichofundishwa kinakuwa chako siku aliyekufundisha anapokuwa hayupo nawe unaendelea kukifanya, na kuendelea kwenyewe kulikuwa katika kipindi kigumu kuliko vyote ambavyo nchi yetu ilikuwa imevipitia.

Vita vya pili vilipokuja, maua ya nyanda za juu yaliingia vitani yenyewe. Pareto, lile ua jeupe lenye moyo wa njano ambalo kwa mbali utalidhani la mapambo, lina sumu inayoua wadudu bila kumdhuru mtu. Kabla ya vita Japani ndiyo iliyokuwa muuzaji mkubwa. Japani ilipokuwa adui, majeshi ya Waingereza na Wamarekani yaliyokuwa yakisumbuliwa na mbu na chawa yalitegemea pareto ya Afrika Mashariki. Watu wa milimani walichuma vichwa vya maua, wakavianika kwenye mikeka, wakauza kwa uzito. Nyanda za Juu Kusini bado zinailima pareto.

Na usiku wa tarehe 1 Machi 1943 mabomu yalianguka Berlin juu ya jumba la mimea la Dahlem. Hifadhi ya mimea iliyokaushwa iliungua, na ndani yake okidi za Schlechter, pamoja na zile zilizotoka Kyimbila. Maua yaliyokaushwa kwa shida kwenye mvua ya Rungwe, yakavuka bahari, yakapewa majina, yaliteketea kwa usiku mmoja. Kilichobaki ni nakala, kwa kuwa sampuli za Stolz zilikuwa zimegawiwa pia kwenye hifadhi nyingine, Kew huko London ikiwa mojawapo. Sina undugu na Stolz, lakini kila nikiufikiria moto ule huwa naona uchungu kama wa mtu aliyeunguliwa na ghala. Halafu nakumbuka kwamba Aprili ile ya 1943, mwezi mmoja tu baada ya moto, mvua ilinyesha Rungwe kama kawaida yake, na kwenye magome ya miti ua lile dogo lilikuwa mahali pake.

Mashariki ya kwetu, ukishika njia ya Isyonje na kupanda mpaka masikio yazibe, unafika Kitulo. Uwanda upo kwenye mwinuko wa karibu mita 2,600, una baridi ya kukata mifupa, na kuanzia Novemba hadi Aprili unageuka zulia. Zipo aina za mimea karibu 350, na kati yake okidi za ardhini 45. Watu wa kwetu wanauita Bustani ya Mungu. Mwingereza James Frederic Elton alipita huko mwaka 1877, akafariki miezi michache baadaye akiwa safarini Ugogo, na kwa muda mrefu ramani za wageni ziliuita uwanda huo kwa jina lake. Jina hilo limesahaulika, na siwezi kusema nalisikitikia. Kondoo walifugwa kule. Baada ya uhuru sehemu yake ikawa shamba la ng'ombe wa maziwa.

Katika miaka ya 1990 Bustani ya Mungu ilianza kuchimbwa. Chini ya okidi nyingi kuna kiazi. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, kiazi hicho kinapondwa, kinachanganywa na karanga na kupikwa kitoweo kiitwacho chikanda, ambacho kinapendwa sana mjini. Zambia ilipoishiwa okidi zake, wanunuzi waligeukia Nyanda za Juu Kusini za Tanzania. Watafiti walikadiria mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba viazi vilivyovushwa kwa mwaka vilifikia hata milioni 4. Na kwa kila kiazi kilichochimbwa, ua moja halikurudi.

Nimesoma maandishi yanayowalaumu wachimbaji, na nimeshindwa kuungana nayo. Waliochimba walikuwa mara nyingi akina mama na watoto, kwa pesa ya daftari, chumvi na sabuni. Nao walikuwa wakitafuta nafuu ndani ya ua, kama bibi yangu alivyotafuta, ila wao njaa iliwaharakisha. Mwenye kosa ni soko lililomlipa mchimbaji senti chache kwa kitu kilichochukua miaka kukua. Mwaka 2005 Kitulo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, yenye eneo la kilomita za mraba 412 na zaidi, hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Nchi yenye simba na tembo wa kutosha iliamua kuweka askari wa kulinda maua. Hilo linanipa fahari kila ninapolisema.

Miaka hiyohiyo viazi vilipokuwa vikichimbwa juu, huku chini kwetu tulikuwa tukichimba makaburi.

Mkoa wa Mbeya ulikuwa miongoni mwa ile iliyoathiriwa vibaya na UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003 na 2004 uliikuta Mbeya ikiwa na maambukizi ya asilimia 13.5 kwa watu wazima, wakati wastani wa Tanzania Bara ulikuwa asilimia 7. Mwenye umri kama wangu hahitaji takwimu hizo. Tulikuwa tunatoka shule tunakuta watu wamekaa uani kwa jirani, tunajua. Wiki iliyofuata ilikuwa kwa jirani mwingine. Ugonjwa haukutajwa kwa jina. Ilisemwa homa, ilisemwa kifua, ilisemwa "haya mambo ya siku hizi". Wageni wa msiba walizidi kupungua kwa sababu kila mtu alikuwa na msiba wake au aliogopa.

Bibi alizika watoto wake wawili, mmoja baada ya mwingine. Baada ya wa pili alikaa. Sina neno bora kuliko hilo: alikaa mlangoni, akitazama migomba, chai ikipoa mkononi. Nadhani ulikuwa mwaka mzima. Palizi ikapita bila yeye. Kisha siku moja nilimkuta amepiga magoti mferejini, amechafuka matope hadi kwenye viwiko, anang'oa lile ua jeupe la tarumbeta na mizizi yake. Alilipanda lote kuzunguka makaburi mawili yaliyokuwa chini ya mparachichi. Hakuomba msaada. Alipomaliza aliosha mikono akaniambia nimletee ndizi za kumenya, maana alikuwa na njaa. Sikuwahi kumsikia akisema ana njaa kwa muda mrefu sana.

Ua lile linataka maji, na mahali alipolipanda palikuwa pakavu. Kwa hiyo ilimlazimu kulimwagilia kila siku ya kiangazi. Zamani nilifikiri alikosea kuchagua mahali. Siku hizi nafikiri alijua alichokuwa anakifanya, kwa kuwa ua linalohitaji maji kila jioni linakulazimisha kuinuka kila jioni. Alikwenda na kopo lake. Njiani alisalimiana na watu. Alianza kusimama kidogo kuzungumza, kisha kusimama sana. Jirani mmoja, naye mfiwa, akamwomba mbegu.

Kwenye mazishi ya mjini siku hizi kuna mashada ya plastiki yanayouzwa karibu na hospitali, nami siyadharau, kwa kuwa anayeyanunua anatoa kwa moyo. Lakini hayanyauki, na kwa hiyo hayamrudishi mtu kaburini.

Alfajiri ya Pasaka kitu cha ajabu hutokea ambacho nilichelewa kukitambua mpaka nilipomsoma Wilson. Watu wanafika gizani kimya, wengine wakifuta machozi, hasa wenye kaburi la mwaka ule. Wanaimba polepole. Kisha ukungu unapasuka, Mlima Rungwe unajitokeza wote na mita zake 2,960, tarumbeta zinapandisha sauti, na miguu inaanza. Kwanza ni kuyumba tu. Baadaye akina mama wanapiga vigelegele, vijana wa bendi wanashindana, watoto wanakimbizana kati ya makaburi yenye maua bila kukaripiwa. Ikifika saa moja na nusu watu wanacheka. Wanaulizana habari za ndizi, za parachichi, za binti aliyejifungua. Waliokuja wakilia wanaondoka wakicheka, kama Godfrey Wilson alivyowaona babu zao katika miaka ya 1930. Ile ngoma iliyokatazwa ilijua njia ya kurudi nyumbani.

Bibi naye sasa yuko chini ya mparachichi, kaburi la tatu. Ua lake limejaa kupita kiasi. Inabidi kila mwaka tulipunguze, na Jumamosi iliyopita ya Pasaka ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa nimechimba fungu moja, naligawanya kwa panga kati ya mizizi, alipofika mama mmoja mgeni, aliyehamia kwa kuolewa kutoka Isongole, amebeba mtoto mgongoni na ndoo isiyo na kitu. Alisimama mbali kidogo.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, mama. Karibu."

Alitazama maua muda. Mwezi uliotangulia tulikuwa tumesikia kilio kutoka kwake usiku. Sikumuuliza.

"Haya yanakubali kuota penye jua?" akauliza.

"Yanakubali, ila utayamwagilia kila jioni."

Akasogeza ndoo. Nilimwekea mafungu matatu pamoja na udongo wake, nikafunika kwa jani la mgomba ili mizizi isikauke njiani. Akasema ndaga fijo, asante sana, akajitwika, akashuka na njia ya mtoni kwa hatua za mtu anayeogopa kuteleza.